Orodha ya Kununua Ndiyo Inayoziua Barua Pepe Zako

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara hawakosekani wauza anwani za barua pepe. Unaletewa faili la Excel lenye anwani laki moja, zimepangwa kwa mikoa, nyingine hadi kwa vyeo vya wenyewe, na bei yake haifiki hata ya tangazo la wiki moja redioni. Mnunuzi anapiga hesabu ya kichwani: nikiwaandikia wote laki moja, akanunua mmoja tu katika kila mia, nina wateja elfu moja kabla mwezi haujaisha. Hesabu tamu kweli. Ila faili hilo halitampa hao elfu moja, na mbaya zaidi litamnyang'anya mia mbili aliokuwa nao tangu zamani.

Hilo la kunyang'anywa ndilo wengi hawalijui. Watu wanadhani tangazo lisilosomwa halimgharimu aliyelituma, maana kutuma barua pepe ni bure au karibu na bure. Linamgharimu. Kampuni zinazotunza vikasha vya watu, Google ikiwa mbele yao, zinaweka kumbukumbu ya kila domeni (lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) inayotuma barua: barua zake zinasomwa au zinafutwa zikiwa zimefungwa, zinajibiwa au hazijibiwi, na ni wangapi wamebofya kitufe cha kuripoti barua taka. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoamua barua yako ya kesho itaangukia wapi. Ukiwaudhi watu laki moja leo, ankara utakayompelekea mteja wako wa siku zote kesho nayo itaishia kwenye barua taka, naye atakupigia simu kukuuliza mbona kimya.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwaandikia kwa mkupuo watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, akiwaalika kwenda kuziona kompyuta mpya za kampuni yake huko California. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Watu walikasirika, wasimamizi wa mtandao wakamkemea, lakini mwenyewe amekuwa akisimulia kwamba barua ile iliuza kompyuta za mamilioni ya dola. Simulizi hiyo imewapoteza watu wa masoko wengi. Wanayashika mauzo, wanasahau kwamba karibu kila mmoja wa wale 400 alifanya kazi mahali panaponunua kompyuta kubwa, na kwamba tangazo lile halikuwa na mshindani kwenye kikasha cha mtu yeyote. Muuza anwani wa leo hana uwezo wa kukupa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mambo yalibana zaidi Februari 2024. Miezi minne kabla, Oktoba 2023, Google na Yahoo zilitangaza masharti mapya kwa wanaotuma kwa wingi, na kwa Google mtumaji wa wingi ni yule anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Microsoft ilifuata na masharti yanayoshabihiana kwa Outlook kuanzia Mei 2025. Unatakiwa uithibitishe domeni yako, uweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na kuitekeleza ndani ya siku mbili, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Ushauri wa Google ni kubaki chini ya asilimia 0.1.

Asilimia 0.3 ni watu watatu katika elfu moja. Sasa lirudie lile faili. Ili uvuke mstari unahitaji watu mia tatu tu wakasirike katika laki moja, na mia tatu wa kukasirika hawatafutwi: wapo waliokwama kwenye foleni ya Ubungo, wapo wanaodaiwa kodi, wapo waliopokea matangazo kumi asubuhi hiyohiyo na lako ni la kumi na moja. Hakuna uandishi mzuri utakaokuokoa hapo. Unaweza kumlipa mwandishi hodari, ukaweka picha za kupendeza na ofa ya nusu bei, na bado ukaangushwa na watu ambao hawakukuomba kitu.

Na hao laki moja wenyewe ni akina nani? Hapa kwetu anwani ya barua pepe ina historia yake. Mtu ananunua simu Kariakoo, na simu ya Android haimruhusu kupakua programu Play Store bila akaunti ya Google. Muuzaji anamfungulia akaunti palepale dukani: jina la mteja, tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, nenosiri analolijua muuzaji peke yake. Mteja anaondoka na simu yake na hatokaa akumbuke kwamba ana anwani. Simu ikiibiwa, ananunua nyingine na kufunguliwa akaunti nyingine. Baada ya miaka michache mtu mmoja ana anwani tatu au nne, na hajawahi kusoma barua hata moja kwenye mojawapo. Kwenye lile faili anahesabiwa kuwa watu wanne.

Akaunti za namna hiyo hazidumu milele pia. Tangu Desemba 2023 Google imejipa haki ya kuzifuta akaunti zisizotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo faili la mwaka juzi limeshaanza kuoza. Kila barua unayoipeleka kwenye anwani iliyokufa inarudi, na kurudi kwa wingi ni dalili ya kwanza ya mtumaji asiyewafahamu anaowaandikia. Kisha ipo mitego. Mashirika yanayopambana na barua taka, kama Spamhaus lililoanzishwa mwaka 1998, yana anwani ambazo hakuna binadamu anayezitumia. Zimewekwa ili zikusanywe na wanaokwapua anwani mtandaoni. Anwani ya mtego haiwezi kujiandikisha kwako yenyewe wala kukupa ridhaa, hivyo ukiiandikia umejitangaza mwenyewe kwamba orodha yako umeiokota. Seva yako inaingia orodha nyeusi, na kutoka humo kunahitaji maelezo ya kueleweka kuhusu ulikozipata anwani.

Wanaotuma maofisini wana balaa lao. Kila mtumishi wa umma anayeijua ofisi yake anaujua mwaliko wa mafunzo: siku tano za utunzaji wa kumbukumbu au usimamizi wa vihatarishi, Arusha au Mombasa, na Dubai kwa wenye bajeti. Umetoka kwenye anwani ya bure ya Gmail. Kichwa cha barua ni herufi kubwa tupu. Ukitazama sehemu ya wapokeaji unakuta anwani mia na ushee zimeanikwa, za halmashauri, vyuo, mamlaka za maji, zote zimechotwa kwenye tovuti zao. Ndani hakuna maelezo, kuna "tafadhali pokea kiambatisho", na kiambatisho ni PDF ya megabaiti nane. Aliye safarini na bando la kubahatisha hawezi kuifungua. Anayeifungua anaikuta ada ukurasa wa tatu, na chini yake sentensi kwamba nauli na malazi ni juu ya mwajiri. Baada ya robo saa mmoja anajibu kwa wote akiomba aondolewe, na wengine kumi wanajibu kwa wote kumwambia asijibu kwa wote.

Ukiucheka mwaliko huo unapitwa na jambo moja: bidhaa yenyewe ina soko. Wapo maafisa utumishi wanaotafuta mafunzo hayohayo na wana fungu la kuyalipia. Aliyetuma amekosea watu, wakati na sura ya barua. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania kama Kenya na Uganda, unaanza tarehe 1 Julai, na mafunzo yasiyoingizwa kwenye mipango wakati bajeti inaandaliwa hupata nafasi kwa bahati tu. Mwaliko unaofika wiki mbili kabla ya kozi unamfikia mtu ambaye hata akitaka hana la kufanya. Mtoa mafunzo mwenye akili angechukua majina ya waliohudhuria kozi zake mwaka jana, hata kama ni sitini, akamwandikia kila mmoja kwa jina lake mapema mwaka mpya wa kalenda unapoanza, ada ikiwa mstari wa tatu wa barua, bila kiambatisho, na ombi moja: ofisi yako inapopanga mafunzo ya mwaka ujao, niandikie nikupelekee ankara kifani. Barua sitini, zinazotumwa kabla ya saa nne. Mimi ningeweka fedha yangu hapo kuliko kwenye faili la laki moja.

Turudi kwenye uthibitisho wa domeni, kwa kifupi, maana fundi wako wa IT anaumaliza kwa mchana mmoja. Rekodi tatu zinahitajika, SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, ya pili inaisaini kila barua, ya tatu inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyotimiza hayo. Bila rekodi hizo wewe ni mtu aliyekwenda benki kufungua akaunti bila barua ya serikali ya mtaa. Huenda ni mkweli, lakini hakuna wa kukuthibitisha. Kuna kosa la kwetu hasa ambalo wataalamu wa nje hawalitaji. Wengi wana domeni ya .co.tz kwenye seva ya bei rahisi wanayochangia na wenye tovuti wengine chungu nzima, na jirani mmoja akituma uchafu, nyote mnachafuka. Matangazo yasitoke kwenye seva hiyo. Tumia huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na uyatume kupitia tawi la domeni yako, tuseme lenye neno habari mbele, ili likiharibika ankara na mikataba visiguswe. Domeni mpya ianze na barua kidogo kidogo kwa watu wanaokujua vizuri, kisha uongeze. Hayo yakishafanyika hayahitaji kuzungumzwa tena.

Panapohitaji kichwa ni kwenye swali la nani aandikiwe nini. Chukua mfano wa kampuni ya utalii ya Arusha yenye anwani 800 ilizozikusanya kwa miaka, zote za watu waliowahi kusafiri nayo au kuiulizia. Ni orodha ndogo ya dhahabu, na kwa kawaida inaharibiwa kwa kutumiwa barua moja ileile yenye picha ya simba. Ndani ya hao 800 kuna aliyepanda Kilimanjaro. Mtu huyo harudi kuupanda, au akirudi ni mmoja katika wengi, kwa hiyo kumtangazia Kilimanjaro ni kupoteza muda wake na wako. Lakini anao marafiki anaowasimulia kila mwaka jinsi alivyofika Uhuru. Barua yake ni ya kumwomba amtaje mmoja wao. Kuna aliyekwisha kuona Serengeti, huyo atasikiliza habari za Ruaha au Nyerere. Kuna aliyeuliza bei miaka miwili iliyopita akapotea, anataka jibu fupi lenye bei mpya. Na kuna mawakala wa Ulaya, ambao hawahitaji picha ya mnyama hata mmoja. Wanachotaka ni jedwali la bei za mwakani, mapema, kabla hawajafunga katalogi zao.

Kisha kalenda. Nyumbu huzaa maeneo ya Ndutu kati ya Januari na Machi, na kuvuka Mto Mara ni habari ya kuanzia Julai hadi Oktoba. Wageni wa safari hizo hupanga miezi mingi kabla, wakiomba likizo na kutafuta ndege. Kampuni inayotuma picha za ndama mwezi Februari, wakati ndama wenyewe wanazaliwa, inatuma kumbukumbu. Mwenye nia ya kwenda Februari angependa kuisoma Julai au Agosti. Hata saa ina maneno yake: barua inayoondoka Arusha saa tatu asubuhi mwezi Julai inafika New York saa nane usiku, na mwenyewe anapoamka iko chini ya nyingine zote zilizoingia baadaye. Kuitegesha itoke saa kumi jioni ya Arusha hakugharimu kitu.

Wanaopenda hadithi za mafanikio hupenda kuitaja kampeni ya urais ya Barack Obama ya mwaka 2012, na wana haki. Timu yake ya barua pepe ilikuwa ikiandika matoleo mengi ya ombi moja la mchango, wakati mwingine zaidi ya kumi, ikiyajaribu kwa vikundi vidogo vya wafuasi kabla ya kupeleka lililoshinda kwa wote. Barua ya Juni 2012, yenye kichwa kilichosema kwamba Obama atazidiwa matumizi na mpinzani wake, ilileta zaidi ya dola milioni 2.6. Kwa makadirio ya timu hiyohiyo, toleo lililofanya vibaya zaidi kwenye jaribio lingeleta kama dola laki nne. Ombi ni lilelile, wasomaji ni walewale, tofauti ni maneno machache ya juu. Na kinachochekesha ni kwamba wafanyakazi wenyewe walishindwa kubashiri lipi lingeshinda. Vichwa vya kawaida kabisa, vya kuandikiana marafiki, viliviacha mbali vile vya kitaalamu, na mapambo hayakusaidia sana.

Hata hivyo, mfano huo unavutwa mahali usipofika. Timu ya Obama ilikuwa na mamilioni ya anwani. Mwenye anwani 800 akiigawa orodha yake mara mbili, nusu moja wakafungua 46 na nyingine 40, hajajifunza chochote. Tofauti hiyo inaweza kuletwa na mvua. Zana za kisasa zitamwonyesha mshindi kwa rangi ya kijani na yeye ataamini. Kwa orodha ya ukubwa huo, kuwapigia simu wateja watano na kuwauliza kwa nini hawakujibu kutamfundisha zaidi ya majaribio ya mwaka mzima. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba wale waliokuwa wakiandikiwa walikuwa wamejiandikisha wenyewe, wengi wao wakiwa wamekwisha kutoa fedha. Timu ilipoongeza idadi ya barua, watu hawakukimbia kwa kiwango kilichokuwa kikihofiwa. Mtu aliyekualika humchoshi haraka. Asiyekujua umemchosha kwa barua ya kwanza.

Kuhusu kupima, ripoti inayosema asilimia 60 wamefungua ichukuliwe kwa tahadhari. Zana huhesabu kufunguliwa kwa kutumia kipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inaposomwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple, kwa mtumiaji aliyewasha ulinzi wa faragha, inakipakua kipicha hicho yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Orodha yenye Wamarekani wengi wenye iPhone, kama ya yule wa Arusha, itaonekana inasomwa sana. Hesabu majibu, waliobofya linki, waliolipa. Nayo ile takwimu inayozunguka kwamba kila dola moja ya barua pepe inarudisha dola 36 imesambazwa na kampuni zinazouza zana za barua pepe. Sisemi ni ya uongo, nasema nani anaisema.

Sheria nazo hazichezi upande wa muuza faili. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa Marekani, ambako sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 haikulazimishi kuomba ruhusa kwanza. Inakutaka usidanganye kwenye kichwa cha barua, uweke anwani yako ya posta, na umwondoe anayeomba kuondolewa ndani ya siku kumi za kazi. Mtanzania anayeinakili miongozo hiyo anajiweka pabaya, kwa sababu Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka ridhaa ya mlaji kabla ya tangazo, pamoja na utambulisho wa mtumaji na njia ya kukataa. Juu yake imekuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, ambayo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019 na kanuni za 2021, na Septemba 2023 Kamishna wa Data alitangaza faini kwa taasisi tatu, mojawapo ikiwa mkopeshaji wa mtandaoni aliyetozwa shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kuwasumbua watu ambao namba zao alizipata kwa wengine.

Anayeandikia wageni wa nje anavaa na sheria zao. Ulaya ina GDPR, sheria yake ya kulinda taarifa binafsi, tangu Mei 2018. Kanada ina sheria kali inayotumika tangu Julai 2014, ambayo mteja aliyenunua kwako unahesabiwa kuwa na ridhaa yake kwa miaka miwili, basi. Mgeni wa Toronto aliyekuja Serengeti mwaka 2021 na hajasikika tena, yuko nje ya muda huo. Ningeanza kwa kumtoa.

Nimesikia hoja kwamba haya yote ni ya Wazungu, mteja wa hapa yuko WhatsApp. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na muuza vitenge wa Msasani anayeacha WhatsApp aende kwenye barua pepe anajitafutia njaa. Barua pepe ina mahali pake: taasisi zinazotaka ankara kifani na oda ya maandishi, wageni wa nje, ndugu walioko Muscat au Minneapolis wanaonunua kiwanja nyumbani na kutaka nyaraka zinazohifadhika. Lakini wanaokimbilia WhatsApp ili wakwepe masharti ya ridhaa wanayakuta hukohuko. Orodha ya matangazo ya WhatsApp ina kikomo cha watu 256, na ujumbe wako unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukiwaandikia wasiokujua mmoja mmoja, wachache wakikuripoti, namba inafungwa, na pamoja nayo mazungumzo yote na wateja wako.

Kwa aliyekwisha kulinunua faili: lifute, hata kama fedha inauma. Kulisafisha kwa programu za kukagua anwani kutaondoa zilizokufa tu. Hakutampa ridhaa aliye hai. Anza na waliokuandikia au kununua ndani ya mwaka huu, uwaulize kama wanataka kuendelea kupokea, na wasiojibu uwaache wapumzike. Orodha itasinyaa. Kwenye kikao cha masoko utaulizwa kwa nini idadi imeshuka kutoka laki moja hadi 640, na unapaswa kwenda na jibu la shilingi, kwa sababu bosi anayepima kazi kwa wingi wa barua zilizotumwa atakurudisha kwa muuza faili wiki ijayo.

Lililobaki ni majibu. Kampuni nyingi hutuma matangazo kwa anwani isiyopokea majibu, mtindo ulioigwa kwenye mabenki na mashirika ya ndege. Mteja wetu hanunui bila kuuliza: bei ya mwisho ni ngapi, mnaleta hadi Mwanza, naweza kulipa kwa mafungu mawili. Akibonyeza kujibu na barua ikamrudia, ameshakwenda kwa mwingine, na wewe umekosa pia ile alama nzuri ambayo Gmail humpa mtumaji anayejibiwa. Kabla ya kutuma, apatikane mtu mwenye jina atakayekaa na kikasha hicho siku mbili za mwanzo, mwenye bei zote mkononi na ruhusa ya kupunguza. Ofisi inayofungwa Ijumaa saa kumi na moja na kufunguliwa Jumatatu isitume ofa Ijumaa mchana. Ingoje hadi Jumanne.